Pampu ya motahomu inawaka yenyewe usiku na kapeti limelowa, maji yanavuja wapi?

NyumbaMagurudumu

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana nimehangaika wiki tatu na sioni mwisho wake.

Tuna motahomu ya miaka kama 14 hivi, tunaishi humo miezi mingi ya mwaka mimi na mke wangu na watoto wawili. Shida ilianza hivi, usiku watu wote wamelala, kimya kabisa, pampu ya maji inawaka yenyewe, inanguruma sekunde mbili hivi inazima. Baada ya muda tena. Hakuna koki iliyo wazi, nimezunguka na tochi mara nyingi, sinki la jikoni kavu, la bafuni kavu, choo kimefungwa. Nikasema labda ni swichi ya pampu imechoka, nikawa naizima usiku nalala.

Sasa juzi asubuhi mke wangu kashuka kitandani kakanyaga kapeti, limejaa maji. Kitanda chetu kiko nyuma na chini yake ndo kuna tanki la maji safi, pampu na hita. Nikatoa godoro, nikafungua mbao, nikakuta chini ya hita pamelowa. Nikajua nimempata mwizi. Nikakaza nati zote za hita, nikapaka silikoni kuzunguka pale mabomba yanapoingia, nikaiacha ikauka siku nzima. Nikawasha pampu, nikakaa pale pale naangalia, baada ya kama dakika 20 ikanguruma tena.

Mabomba ni yale ya plastiki nyeupe yenye pete za shaba kwenye maungio, isipokuwa kipande kimoja kuelekea bafuni ambacho mwenye gari aliyenitangulia aliweka zile fitingi za kusukuma kwa mkono. Mwezi uliopita tulipita kwenye baridi kali, usiku ilishuka chini ya sifuri, nilimwaga tanki na hita kabla ya kulala ila sina uhakika kama mabomba yaliisha maji yote.

Swali langu, nibadilishe hita? Na sakafu pale karibu na kitanda imeanza kubonyea kidogo ukikanyaga, hiyo ndo inaninyima usingizi kuliko hata pampu, hii gari ndo nyumba yetu.

---

FundiPresha

Mkuu usibadilishe hita, bado. Na pole sana, najua hiyo hali ya kukanyaga kapeti likatoa maji.

Kwanza kabla ya yote zima pampu, na kama umeungwa na mpira wa maji wa nje funga huko kwenye koki ya nje, halafu fungua koki moja ndani presha iishe. Kuanzia sasa mfumo unakaa bila presha mpaka unapotaka kupima au kutumia maji. Ukichukulia matone 20 ni mililita 1, tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na lita 4 ndani ya plaiwudi kila siku ndo hiyo sakafu inayobonyea. Na kama karibu na hapo kuna betri au nyaya za umeme zima umeme wa eneo hilo kabla hujaingiza mkono, ule wa kuchomeka kutoka nje ndo usiuchezee kabisa.

Sasa pampu. Hiyo pampu haijaharibika swichi, inakupa taarifa. Pampu za volti 12 za aina hii zina swichi ya presha ndani, zinasukuma mpaka mabomba yakifika kama psi 45 hadi 55 (psi ni kipimo cha presha) zinakata, presha ikishuka kiasi fulani zinawaka tena. Koki zote zimefungwa, presha haina pa kwenda, kwa hiyo ikiwaka yenyewe maana yake maji yanatoka sehemu. Na sehemu ni mbili tu, ama yanatoka nje ya mabomba, ama yanarudi kinyumenyume kupitia pampu yenyewe kwenda kwenye tanki. Hii ya pili watu wengi hawaijui wanavunja ukuta bure.

Kwa hiyo saa yako ndo kipimo chako. Chukua karatasi uandike pampu inawaka kila baada ya dakika ngapi, usikadirie, tumia simu. Dakika 20 za kukadiria hazisaidii, tunataka namba. Halafu unatenga sehemu moja moja na kuangalia namba inabadilikaje. Anza na hita kwa sababu ndo unayoituhumu, kwenye mabomba ya hita huwa kuna valvu za kuipita, zile zinazotumika wakati wa baridi ili maji yasiingie kwenye hita, kawaida ziko mbili au tatu nyuma yake. Zigeuze hita iwe nje ya mzunguko, washa pampu, pima tena. Namba ikibaki ile ile hita haina kosa. Ikirefuka sana, hita ina kesi.

Wakati unasubiri, kata vipande vya tishu kavu, funga kimoja kwenye kila ungio unaloweza kulifikia, pampu, chujio la pampu, hita, chini ya masinki, nyuma ya choo. Usiamini kidole. Bomba lenye maji ya baridi ukiligusa unahisi limelowa wakati ni kavu, na ungio linalotoa tone moja kila dakika ukiligusa unaweza usihisi kitu. Tishu haidanganyi, tone moja linaacha alama.

Jambo lingine, weka alama ya kalamu kwenye tanki mahali maji yalipofika. Kama maji yanatoka nje tanki litapungua, kama yanarudi kupitia pampu tanki litabaki pale pale hata pampu iwake usiku kucha.

Na hiyo silikoni itoe. Silikoni ni ya kuziba pembe za bafu na madirisha, kwenye ungio lenye presha haishiki, maji yanapita chini yake tu, na sasa inakuficha usione tone linatokea wapi.

---

TairiSita

Naungana na mkuu hapo juu ila mi ningeuliza kwanza, mvua ilinyesha lini? Maana kuna watu wamefungua mabomba yote kumbe maji yanatoka juu kwenye dirisha la paa au kwenye taa za nyuma za gari, yanashuka ndani ya ukuta yanatokea chini ya kitanda. Pampu kuwaka na kapeti kulowa vinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa vimetokea wakati mmoja.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kuangalia kapeti linalowa wakati gani. Likilowa mvua ikinyesha tu hata kama mfumo hauna presha, angalia paa na madirisha. Likilowa watu wakioga tu, hiyo ni upande wa maji machafu, bomba la chini ya shawa, au beseni la shawa lenyewe limepasuka pale mtu anapokanyaga kwa sababu chini yake hakuna kitu kinacholishikilia. Hapo unaziba tundu la shawa, unajaza maji sentimita chache, unatia rangi ya chakula, unasubiri saa moja, kisha unatoa kizibo. Rangi ikitokea kabla hujatoa kizibo ni beseni, ikitokea baada ya kutoa ni bomba la chini. Likilowa mkiwa barabarani tu, basi ni tanki limejaa sana maji yanaruka kwenye mpira wa kujazia au ule wa hewa, klipu yake imelegea. Likilowa muda wote pampu ikiwa imewashwa, ndo hayo mabomba ya presha.

Na gari limeegeshwa limeinama upande gani? Maji ndani ya motahomu hayalowi pale yanapovujia. Yanafuata waya, yanafuata mbao ya chini ya kabati, yanapita chini ya zulia la plastiki mpaka yakute sehemu ya chini kabisa ndo yanajitokeza. Kama pua ya gari iko juu, nyuma patalowa hata kama bomba limepasuka jikoni.

---

MamaSafari

Kaka mi nimesoma hapo uliposema baridi chini ya sifuri nikasimama hapo hapo. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na bomba la plastiki jeupe lenyewe linavumilia, linatanuka linarudi. Kinachopasuka ni vitu vigumu, fitingi za kona za plastiki, mwili wa koki ya shawa, bakuli la chujio la pampu, valvu ya maji nyuma ya choo. Na ufa wake ni mwembamba kama unywele, bila presha hautoi kitu, ukiwasha pampu ndo unafunguka.

Yangu ilikuwa shawa ya nje. Ile ya kwenye kisanduku ubavuni mwa gari, hatujawahi hata kuitumia, tukaisahau. Tulimwaga tanki, tukamwaga hita, tukafungua koki zote za ndani, ile ya nje hakuna aliyeikumbuka. Ilipasuka ndani ya ukuta, maji yakawa yanashuka kwenye sponji la ukuta miezi miwili kabla hatujaona chochote, tulipofungua ule ubao harufu ya ukungu ilitutoa machozi, mwanangu mdogo alikuwa anakohoa kila usiku akilala upande ule na mimi nilikuwa nadhani ni mafua. Kwa hiyo nakusihi usiiache hii hata wiki moja zaidi, sio kwa ajili ya gari tu.

Angalia pia kwenye hita kama ina valvu ya kujilinda na baridi, magari mengi yenye hita za Truma yanayo, inafunguka yenyewe joto likishuka kwenye nyuzi 3 hivi na kumwaga maji ya hita yote nje chini ya gari. Mtu anaona maji yanatiririka chini anadhani bomba limepasuka kumbe ni kifaa kinafanya kazi yake, na haikubali kufungwa tena mpaka pale kilipo papate joto kama nyuzi 7. Na zile hita zingine zenye valvu ya usalama kwa nje, kudondosha kidogo wakati maji yanapashwa ni kawaida, maji ya moto yanatanuka. Ikizidi, zima hita, subiri ipoe kabisa, zima pampu, fungua koki ya maji moto, nyanyua kile kishikio cha valvu maji yatoke mpaka yaache, funga. Hapo unarudisha hewa juu ya tanki la hita. Usije ukaiziba hiyo valvu hata siku moja, ndo inayozuia hita isilipuke.

Kwa hiyo mi kura yangu ni shawa. Yako ya ndani au ya nje, anza hapo.

---

NyumbaMagurudumu

Wakuu asanteni sana, sikutegemea majibu marefu hivi. Nimefanya mlivyosema siku mbili hizi, nawapa namba.

Mvua haijanyesha tangu tatizo lianze kwa hiyo paa nimeliweka pembeni. Hatujaoga ndani siku mbili na kapeti lililowa tena nilipowasha pampu kupima, kwa hiyo sio maji machafu. Gari kweli pua iko juu kidogo, nilikuwa sijafikiria kabisa hilo.

Pampu bila kugusa kitu: dakika 18, 17, 18. Hita nikaitoa kwenye mzunguko kwa zile valvu, ziko tatu, moja ilikuwa imekauka nikaisaidia taratibu kwa koleo. Dakika 17, 18. Kwa hiyo hita haina kosa na nilikuwa nakaribia kuing'oa. Tanki limepungua, alama ya kalamu iko juu ya maji kama upana wa vidole viwili kwa siku.

Tishu zote chini ya kitanda kavu! Yaani pampu, chujio, hita, zote kavu. Ila ubao chini ya hita umelowa. Hapo nikaelewa aliyosema TairiSita, maji yanakuja pale kutoka kwingine. Nikafuata unyevu kwa mkono kinyume kuelekea mbele, chini ya kabati la nguo, nikafika kwenye ukuta wa bafu.

Shawa. Kuna kidirisha cha ubao ndani ya kabati la nguo kinachofunguka nyuma ya koki ya shawa, kina skrubu nne, sikuwahi kujua kipo. Nikawasha pampu nikamulika tochi. Fitingi ya kona ya maji ya moto, ile ya kusukuma aliyoweka mwenye gari wa zamani, haina kitu, kavu. Ila kona ya plastiki inayoingia kwenye mwili wa koki ina ufa, na tone linatoka pale kila sekunde tatu hivi, linashuka kwenye bomba, linaingia chini ya zulia. MamaSafari umeona mbali dada yangu.

Nikafungua yale mabomba mawili ya shawa nikayaziba kwa vizibo vya nyuzi kwa muda, nikawasha pampu. Nilidhani nimemaliza. Lakini pampu imewaka tena baada ya saa 2 na dakika 10. Na tena baada ya saa 2. Tishu zote kavu, vizibo vikavu, kila mahali pakavu. Hapa sasa sielewi, bado kuna uvujaji mwingine ndani ya ukuta?

---

FundiPresha

Safi sana mkuu, umefanya kazi ya maana. Kutoka dakika 18 mpaka saa 2 ni hatua kubwa, na hiyo iliyobaki usianze kuvunja ukuta.

Angalia alama ya tanki tena kesho. Nina imani haitashuka. Kama haijashuka, presha inapotea kwa kurudi kwenye tanki kupitia valvu ya njia moja iliyo kwenye kichwa cha pampu. Ile ni kiraba kidogo tu, kikipata punje ya mchanga au kibanzi cha plastiki kinakaa wazi kidogo sana, maji yanarudi polepole. Matanki mengi yanatoboliwa baada ya kutengenezwa na vile vibanzi vya kutoboa vinabaki ndani miaka na miaka, kwa hiyo kagua chujio kabla ya pampu, kama wavu wake umechanika ndo njia vilipopita.

Uhakika zaidi unapata ukiunga mpira wa maji wa nje, pampu ukiizima. Ukikuta tanki linajaa lenyewe bila wewe kulijaza, mara nyingi ni hiyo valvu. Na hili ni la hatari zaidi kuliko pampu kukusumbua usiku, maana mtu akiunga maji ya nje akaondoka kutwa, tanki linafurika ndani ya gari. Na kwa kuwa umegusa maji ya nje, hakikisha una kipunguza presha pale kwenye koki ya nje, cha psi 40 hadi 50, maji ya mtaani sehemu nyingine yanapita psi 80 na fitingi za motahomu hazikutengenezwa kwa hiyo kazi ya kila siku.

Kichwa cha pampu kinafunguka kwa skrubu chache. Zima umeme wa pampu, toa presha, weka kitaulo chini, piga picha kila hatua ujue vipande vilikaaje, suuza raba zote kwa maji safi, usikwangue kwa kitu kigumu. Rudisha, kaza skrubu kwa mshazari kidogo kidogo. Ikikataa, kuna kits za kichwa peke yake, hulazimiki kununua pampu nzima.

Kona ya shawa sasa. Ibadilishe, usijaribu kuigundisha kwa gundi, plastiki iliyopasuka kwa barafu ina nyufa nyingine usizoziona. Na kagua mwili wa koki yenyewe, kama una alama yoyote badilisha pamoja, hutaki kufungua huo ukuta mara mbili. Kata bomba liwe na ncha iliyonyooka kabisa, tumia kikatio cha bomba sio msumeno, msumeno unaacha nywele za plastiki. Pete ya shaba unaivisha kwenye bomba kwanza kabla ya fitingi, watu wanasahau wanaanza upya. Sukuma fitingi mpaka mwisho, pete ikae kama milimita 3 hadi 6 kutoka ncha ya bomba, bana kwa koleo lake mara moja, mara moja tu, halafu pima kwa kile kipimo kinachokuja na koleo.

Kama hautakuwa na koleo tumia fitingi ya kusukuma, ni nzuri tu, ile ya jirani umeona imekaa kavu miaka. Sharti lake ngozi ya nje ya bomba iwe laini, mkwaruzo mmoja wa urefu unapitisha maji chini ya oringi, ile pete ya raba ya ndani, na utahangaika mpaka uchoke. Weka alama ya kalamu ya kina kinachotakiwa kabla ya kusukuma, ukimaliza vuta kwa nguvu kuona kama limeshika.

Pale kwenye nyuzi za koki, kama ungio lina raba ya umbo la koni ndani ya nati, usiweke tepu nyeupe hata kidogo, raba ndo inayoziba. Kaza kwa mkono, kisha robo ya mzunguko kwa spana basi. Tepu ni kwa nyuzi zisizo na raba, mizunguko mitatu minne kufuata upande wa kukazia. Nimeona nati nyingi za plastiki zimepasuliwa na watu wenye nia njema na spana ndefu.

---

Koki12V

Nyongeza moja kwa wengine watakaosoma, kama hutaki kuendelea kumwagia sakafu maji wakati unatafuta, mwaga maji yote, toa hita kwenye mzunguko, unga kompresa pale pa maji ya nje na uweke hewa psi 30 tu, usizidishe. Paka maji ya sabuni kwenye maungio kwa brashi, penye ufa panatoa mapovu na unasikia hata mlio. Mi nilipata uvujaji nyuma ya choo kwa sikio tu, usiku, bila tone moja la maji.

Na kama koki zako zinatema hewa na maji kwa zamu, pampu inachelewa kuvuta, lakini hakuna maji popote, angalia upande wa kabla ya pampu. Pale hakuna presha, kuna mvuto, kwa hiyo ufa hautoi maji nje, unaingiza hewa. Mara nyingi ni oringi ya bakuli la chujio au klipu ya mpira unaotoka tankini.

---

NyumbaMagurudumu

Narudi na majibu wakuu.

Tanki halikushuka hata kidogo kwa siku nzima, kama FundiPresha alivyosema. Nilifungua kichwa cha pampu, nikakuta kibanzi cheupe cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mchele, kimelala kwenye ukingo wa kile kiraba. Wavu wa chujio una tundu pembeni, nimebadilisha chujio lote. Nilipiga picha kila hatua na bado ilinichukua saa nzima kurudisha ile chemchemi ndogo.

Shawa nimebadilisha kona zote mbili, ya moto na ya baridi, na mwili wa koki pia kwa sababu nilipoutoa kwenye mwanga niliona mstari mweupe mwembamba chini yake. Nilifunga tishu kwenye kila ungio jipya, nikaacha kile kidirisha cha kabati wazi.

Jana saa 3 usiku nimewasha pampu, ikajaza, ikakata. Nililala karibu yake kwenye kiti makusudi nisikie. Haikuwaka. Saa 12 asubuhi nimefungua koki, maji yametoka kwa nguvu papo hapo kabla pampu haijaanza, maana yake presha ilikaa usiku mzima. Tishu zote kavu. Mke wangu amelala usiku wa kwanza bila kuamka kukagua sakafu.

Sasa imebaki sakafu. Nimetoa kapeti, nimefunua zulia la plastiki kama mita moja, plaiwudi ni nyeusi sehemu moja. Niifunike au niiache wazi, na kwa muda gani?

---

TairiSita

Hongera sana mkuu. Usiifunike. Chukua bisbisi uchome ile sehemu nyeusi na pembeni yake, ikiingia kama kwenye mkate imeoza, inakatwa mpaka ufike kwenye ubao unaogoma, weka kipande kipya. Ikigoma kuingia, ni rangi tu, itapona. Fungua na upande wa chini ya kabati la nguo ambako maji yalipita, sio pale kwenye kitanda peke yake, njia nzima.

Feni ielekee pale mchana na usiku, madirisha wazi kukiwa kukavu nje, kukiwa na unyevu nje funga utumie mashine ya kukausha hewa. Usitumie hita ya kupuliza moto karibu, plaiwudi inajikunja na tabaka zake zinaachana. Kwa siku ngapi siwezi kukwambia kwa kukisia, pata kile kipimo cha unyevu cha pini mbili, pima sakafu ya mbele ya gari ambayo haijawahi kulowa, andika namba, halafu endelea kukausha huku nyuma mpaka namba zilingane. Kwa gari lililolowa wiki tatu tegemea wiki mbili na zaidi.

---

NyumbaMagurudumu

Mbele inasoma 11, chini ya kitanda 27, pale nyuma ya kabati 31. Bisbisi imeingia sehemu ya ukubwa wa kiganja tu, nyuma ya kabati, kwingine kugumu. Nakata kesho. Feni inaendelea, watoto wanalala mbele kwa sasa.